Kutoka Mbaga hata Chome Mwishoni mwa Masika



Mtu apitaye Same kwa basi au kwa gari la moshi huitazama Milima ya Upare akadhani ni kitu kimoja. Huiona imesimama kama ukuta mrefu wa rangi ya buluu, na moyoni husema, "Akaaye mahali pamoja juu ya mlima ule, bila shaka hutembea kidogo tu akafika mahali pengine." Mimi ni mzaliwa wa huko, nami nasema sivyo. Kwa macho mlima ni mmoja, lakini kwa miguu ni mingi. Kila kijiji kina barabara yake ya kushukia bondeni, bali barabara ya kumfikia jirani ni chache sana, na nyingine ni njia za miguu tu. Habari nitakayowasimulia ni ya njia moja ya namna hiyo, na ya siku mbili nilizojifunza kuiheshimu.

Sababu ya safari yangu ilikuwa hii. Mama yangu anakaa Mbaga, upande wa mashariki wa milima. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, aliolewa Chome, upande wa magharibi. Katikati yao umelala msitu mkubwa wa Chome na kilele cha Shengena, ambacho kwa urefu wake wa mita 2,462 hupita vilele vyote vya Upare. Walipokuwa wanawake wenye nguvu walivuka mlima huo kutembeleana, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Sasa mama ana miaka 81, na magoti yake yamekataa. Miaka sita ilikuwa imepita pasipo wao kuonana. Walisikilizana kwa simu tu, nayo simu huku kwetu hukatika neno likiwa katikati.

Mwisho wa mwezi wa Mei nilipata siku kumi za mapumziko, nikamwandikia mama kwamba naja. Akanijibu kwa kinywa cha mpwa wangu, "Na aje. Lakini nyumbani asikae sana. Aende Chome akamtazame dada yangu. Simu hainionyeshi kama amekonda."

Basi nikaenda Same, nikafika asubuhi na mapema. Msomaji asiyeijua nchi ile yampasa kufahamu kwanza habari ya mvua zake. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huipiga milima upande wa mashariki. Hapo hupanda, hupoa, na mvua huanguka. Zikiisha kuvuka kilele hushuka upande wa pili zikiwa kavu. Kwa hiyo mji wa Same, ulio karibu mita 900 juu ya bahari, ni mji wa vumbi, migunga na upepo, na mashamba ya katani hayako mbali. Lakini mtu akipanda gari muda wa saa mbili au tatu tu, hukuta migomba, kahawa, ukungu na matope, naye huona haya kwa kutochukua koti.

Masika huanza mwezi wa Machi na kukoma mwezi wa Mei. Lakini neno hilo kukoma lina maana mbili. Watu wa bondeni wakiona jua siku tatu mfululizo husema, "Masika yamekwisha." Watu wa mlimani hawasemi upesi hivyo, kwa kuwa mvua yaweza kukoma angani nayo ingali ardhini. Udongo umekunywa maji miezi mitatu, umekuwa mzito kama unga uliokandwa, na huo ndio wakati wake wa kuporomoka. Wapare hawajasahau mwezi wa Novemba mwaka 2009, siku ya mvua kubwa za vuli, wakati kilima kilipoporomoka usiku juu ya nyumba za watu huko Goha, Mamba Miamba, wakafa watu wasiopungua 20. Tangu hapo mtu wa milimani akikuambia kwamba ardhi imeshiba, si maneno ya kupamba mazungumzo.

Gari la Mbaga huondoka Same mchana, kwa sababu magari ya milimani hufuata desturi moja: alfajiri hushuka na watu waendao sokoni, hospitali na ofisini, na baada ya adhuhuri huwarudisha. Aliyechelewa hulala Same. Tuliondoka tumejaa, magunia juu na kuku chini. Mkono wa kuume tulikuwa na milima. Mkono wa kushoto palikuwa na nyika ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa, makao ya tembo na faru weusi wanaolindwa kwa bidii nyingi. Tulipofika Kisiwani tukaiacha nyika tukaanza kupanda. Hapo dereva alinyamaza, na abiria nao wakanyamaza, kwa kuwa barabara ilikuwa na makorongo yaliyochimbwa na maji. Mahali pawili wanaume tulishuka tukasukuma. Tulifika Mbaga jioni, nguo zetu zikiwa na rangi moja na barabara.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Baada ya kuniitikia shikamoo yangu hakuniuliza habari za mjini. Aliuliza, "Utaondoka lini kwenda kwa dada yangu?"

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuzunguka: kushuka alfajiri hata Same, kungoja gari la Chome, na kupanda tena kwa upande wa magharibi. Ikiwa mambo yote yamekwenda sawa, ni safari ya siku moja. Lakini mwishoni mwa masika mambo yote hayaendi sawa. Tukapata habari kwa simu kwamba barabara ya kupandia Chome imekatika kwa matope, na magari yanaishia njiani, na hakuna ajuaye yatafika lini. Njia ya pili ni ile ya wazee wetu: kuvuka mlima kwa miguu kupitia msituni, mwendo wa kutwa nzima kwa mtu mwenye pumzi.

Njia za namna hiyo ndizo zilizoishona nchi yetu kabla ya reli na motokaa. Kwa njia hizo watu walipeleka chakula, mifugo na mahari. Wamisionari Wajerumani waliofika Giti mwaka 1903, na wale wa Leipzig waliokaa Mbaga, walitembea kwa miguu milimani kama wenyeji, na katika kutembea huko na kuzungumza na watu wakajifunza Chasu, hata Agano Jipya likapigwa chapa kwa lugha hiyo mwaka 1922. Kwa njia hizo tena, mwaka 1945, maelfu ya Wapare walishuka kutoka vijijini hata Same, wakakaa mbele ya ofisi ya wilaya siku nyingi, kwa ajili ya kuikataa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911 ikipita chini ya milima, na baadaye barabara kuu, mambo yakaanza kugeuka. Kila kijiji kikaelekeza uso wake bondeni. Mtu wa Mbaga akamjua vizuri mtu wa Same kuliko mtu wa Chome, ijapokuwa Chome iko nyuma ya mlima wake mwenyewe.

Msitu wa Chome ni hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mgeni hana ruhusa kuingia bila kibali na ada. Tulipokwisha kuyatimiza hayo, tukapata kiongozi, mzee mmoja wa hapo hapo mwenye miaka kama sitini, mwembamba, asemaye kidogo. Akatuambia mimi na mpwa wangu, "Kesho saa kumi na moja alfajiri tuwe njiani."

Hapa yanipasa kukiri kosa langu. Asubuhi ile majirani walikuja kunisalimu, na mama alikuwa akifunga mzigo wa dada yake: kanga mpya, maharage ya mbegu, na tangawizi ya Mamba. Nami kwa adabu ya kuwaitikia wageni, na kwa kiburi kidogo cha mtu anayesema, "Nimezaliwa huku," nikachelewa. Tulitoka saa mbili na nusu. Mzee wetu hakusema neno, ila alitazama juu mara nyingi.

Mwanzo wa njia ulikuwa wa kupendeza. Tulipita mashamba na mifereji, tukapita na ndiva moja iliyojaa maji. Kwa wasomaji walio mbali nitaeleza: ndiva ni bwawa dogo wanalolijenga Wapare kwa udongo na mawe, hukinga maji ya kijito usiku, na mchana huyaachilia katika mifereji kwa zamu, kila shamba kwa siku yake. Ndiva hujengwa na kusafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya wote kwa faida ya wote, na asiyetokea hutozwa faini. Njia za miguu nazo zilitunzwa kwa msaragambo zamani. Siku hizi, mzee akasema, watu hutokea kwa ndiva na kwa barabara ya gari, lakini kwa njia ya msituni hawatokei, maana wachache ndio waipitao.

Tulipofika ukingoni mwa msitu ilikuwa kama saa tano. Jua lilikuwa likiwaka nyuma yetu juu ya nyika ya Mkomazi, lakini mbele yetu wingu lilikuwa limeshuka katikati ya miti kama moshi wa jikoni. Mzee akasimama. Akashika udongo, akaufinya, maji yakatoka. Akasema, "Leo hatuvuki."

Nikakasirika. Nikamwambia kwamba mvua hainyeshi, kwamba tuna nguvu, kwamba mama yangu mkubwa anatungoja leo na simu yake haipatikani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole, "Mwanangu, kuingia twaweza. Jioni itatukuta juu, penye ukungu, na njia ya kushukia Chome ina mahali pabaya. Mahali pale mimi hupapita mchana tu. Ukitaka kwenda, nenda. Ila mzigo wa mama yako nitaurudisha mimi."

Neno hilo la mzigo likanishinda. Tukarudi. Mama alipotuona tunaingia uani hakutulaumu. Aliuchukua ule mzigo akauweka ndani pasipo kusema lolote, na kimya kile kiliniuma kuliko maneno.

Jioni tukakaa jikoni tukiota moto, mzee akiwa pamoja nasi, nami kwa kutafuta amani nikamsimulia habari niliyoipata kwa rafiki yangu aliyekaa Ufaransa. Huko kwenye milima ya Alpi, wakati wa baridi, watu huenda kwa likizo ili kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni. Iko nchi moja ya milima iitwayo Les Trois Vallées, yaani Mabonde Matatu, ambapo vijiji vya Courchevel, Méribel na Val Thorens vimeunganishwa kwa njia za theluji zipatazo kilomita 600, na kwa viti na vyumba vidogo vining'iniavyo katika kamba za chuma na kuwapandisha watu. Mtu hulala bonde moja, asubuhi akavuka kwenda la pili, adhuhuri akala la tatu. Lakini mwezi wa Aprili, theluji ikianza kuyeyuka, viungo vile ndivyo vinavyolegea kwanza, hasa vilivyo chini. Njia ya asubuhi iliyo ngumu kwa barafu huwa uji mchana. Tena kila kamba ina saa yake ya kusimama jioni. Aliyezubaa akakuta ya mwisho imesimama, hubaki bonde lisilo lake, kitanda chake kiko nyuma ya mlima, naye hulipa fedha nyingi kwa gari la kumzungusha usiku.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe nao wana Shengena yao! Na je, wako wazee wa kuwarudisha?" Nikamwambia kwamba wako watu wa kazi hiyo, huifunga njia kwa kamba na kibao. Akasema, "Sisi hatuna kibao. Kibao ni mtu." Kisha akanyanyuka akaniambia tena, "Saa kumi na moja."

Siku ya pili saa kumi nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu.

Tulipanda gizani kwa tochi, tukapita ndiva, na kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kuingia msituni. Nitasema nini juu ya msitu ule? Miti ni mirefu, imevikwa kuvu na ndevu za kijani, na maji hutona hata kama mvua hainyeshi, kwa sababu majani huyakamata maji ya wingu. Kima walitukemea kutoka juu. Yuko na ndege mmoja mdogo, rangi ya manjano na kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho; wataalamu wanasema jamii yake haipatikani mahali pengine po pote duniani ila katika milima hii ya Upare ya kusini. Mzee alitwonyesha pia mashimo ya zamani, ambapo wapasua mbao walikuwa wakiikata kwa siri miti ya mkulo, yenye harufu ya kafuri, na ambayo mikubwa yake imepungua sana. Akasema, "Mti huu ukiondoka, wingu halina mahali pa kukaa. Na wingu likiondoka, huko chini watafungulia ndiva gani?" Maji ya vijito vya pande zote mbili hutoka humo; anayelima bondeni hula kwa msitu ambao huenda hajaukanyaga kamwe.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Mahali pengi mimi peke yangu nisingalijua kwamba ni njia. Mzee alitangulia na panga, akiondoa matawi yaliyoanguka na kuyatupa kando. Nilimwuliza kwa nini anajitaabisha hivyo, na siku yake imekwisha kulipwa. Akasema, "Nisipoyaondoa leo, mwaka ujao hakuna atakayejua kwamba hapa palipita watu." Mpwa wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akitazama simu yake apate mtandao, akaiweka mfukoni, akaanza kuburuta matawi pamoja naye. Neno hilo lilinipendeza.

Mchana tulifika juu, mahali penye uwazi. Ukungu ulifunguka kwa dakika chache. Upande wa mashariki tuliona Mkomazi, na mbele zaidi nchi tambarare ya Kenya. Upande wa kusini, Usambara. Na kaskazini, juu ya mawingu, kichwa cheupe cha Kilimanjaro. Tulikula viazi na ndizi tulizofungiwa na mama. Kisha wingu likaufunga mlango wake, mzee akasema twende.

Saa nane hivi tulifika mahali pabaya alipopataja. Hapo nilielewa. Ukingo wa njia ulikuwa umeporomoka kwa upana wa hatua kama kumi, na udongo wake mwekundu ulikuwa mbichi bado, mizizi ikining'inia. Ya kwamba uliporomoka jana au juzi, hakuna awezaye kusema. Lakini jana saa hiyo tungalikuwa bado nyuma sana, na hapa tungalifika gizani, ndani ya ukungu, mtu wa mbele akitafuta njia kwa mguu. Mzee hakunitazama wala hakusema, "Nilikuambia." Alipanda juu ya maporomoko, akakata vijiti, akavisimika mahali pa kukanyaga, kisha akatuvusha mmoja mmoja kwa kushikana mikono. Kazi hiyo ilitupotezea karibu saa nzima. Mtu akiwa na saa moja ya akiba, huvuka salama. Asipokuwa nayo, hujaribu kuruka.

Tulitoka msituni jua likielekea kutua, na chini yetu tukaona mabati na moshi wa Chome. Mahali ambapo njia inakutana na shamba la kwanza, palikuwa na bibi mmoja amekaa juu ya jiwe, amejifunga kanga mbili, na kando yake iko taa ya chemli. Alikuwa mama mkubwa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikaa hapa mpaka taa ikaisha mafuta. Leo nimeyajaza."

Sikuwa na la kumjibu. Ujumbe wa kwamba tumerudi haukumfikia. Jana, wakati ule nilipokuwa nikiota moto na kusimulia hadithi za Ufaransa, mama mkubwa alikuwa gizani juu ya jiwe, akiitazama njia. Kosa la kuchelewa kwangu saa tatu na nusu, aliyelilipa ni yeye.

Tulikaa kwake siku tatu. Aliufungua mzigo polepole, akainusa ile kanga, akayahesabu maharage kiganjani. Akauliza habari za mama: anaamkaje, anakula nini, bado anacheka akificha meno? Nami nilimtazama kama nilivyoagizwa, nikaona kwamba amekonda kweli. Usiku wa mwisho akasema, "Mwambie dada yangu kwamba mlima huu sitauvuka tena, wala yeye hatauvuka. Twajidanganya tu tukisema masika yakiisha, vuli ikiisha. Lakini kama siwezi kuuvuka, kuushuka naweza. Na yeye ashuke kwake."

Ndipo nilipoifahamu ile njia ya kuzunguka kwa namna nyingine. Mimi niliidharau kwa kuwa ni ndefu. Bali kwa miguu ya wazee, bondeni ndiko daraja lilipo. Njia ya juu ni ya wenye nguvu, nayo haifai kuachwa ife. Njia ya chini ni ya wote, lakini inataka mtu wa kuipanga, wa kushika mkono, wa kutafuta kiti cha mbele garini.

Mwezi wa Juni ulipofika katikati, watu wa Chome wakaitengeneza barabara yao kwa msaragambo, magari yakapanda tena. Tukapatana siku. Mpwa wangu alimleta mama kutoka Mbaga kwa gari la alfajiri kupitia Kisiwani. Mimi nilimleta mama mkubwa kwa upande wa magharibi, tukaifuata barabara kuu hata mjini. Wakakutana Same, katika mgahawa mdogo karibu na stendi, saa nne ya asubuhi. Hawakulia. Mama mkubwa alimshika mama mashavu kwa mikono miwili akasema, "Umekonda." Mama akajibu, "Nawe pia, na simu haikuniambia." Wakaagiza chai, wakakaa bega kwa bega, wakaongea Chasu kwa sauti ya chini kama wasichana. Sisi vijana tuliondoka tukakaa nje.

Walipata muda wa saa nne tu, kwa maana gari la mlimani halimngoji mtu. Alasiri kila mmoja alipanda lake, moja likaelekea Kisiwani, la pili likaelekea barabara kuu, na mlima ukasimama katikati kama desturi yake. Lakini wameagana kukutana tena kabla ya vuli, nami nimeiandika tarehe hiyo ukutani.

Msomaji, ukitaka kuivuka milima ya Upare kwa miguu, pokea maneno machache. Pata kibali, na umchukue mwenyeji wa kukuongoza. Usiulize tu ni mbali gani, bali uliza mvua ilinyesha lini na kiasi gani. Ondoka kabla ya mapambazuko, uwe na saa moja ya akiba, na mwenye kuijua njia akisema rudi, rudi bila kununa. Ukikuta tawi njiani, liondoe kwa ajili ya ajaye nyuma yako.

Na ikiwa huwezi kuvuka, usikae ukingoja miguu mipya. Wazee husema, milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto, nikadhani ni ya kuagania tu. Sasa naona kwamba ni kazi tuliyopewa: milima haitasogea, basi inatupasa sisi kusogea, wa huku ashuke kwake na wa kule ashuke kwake, mchana ungalipo, kabla gari la mwisho halijaondoka.